Imani Siku za Dhiki: Tuliyoyaona Hapa Buha



Hivi karibuni tulimzika mama mmoja wa kigango chetu. Aliugua muda mrefu. Aliuza mbuzi, akauza na kipande cha shamba la migomba kwa ajili ya matibabu, na mwisho wa yote akafariki dunia. Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, kitinda mimba wake alinifuata chini ya mwembe ambako wazee walikuwa wameketi. Akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, mama yangu alisali kila siku ya maisha yake. Amepata nini? Na mimi niendelee kusali kwa sababu gani?"

Wazee waliinamisha vichwa. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimekuwa katekista kwa miaka mingi zaidi, lakini sikuwa na jibu la kumpa palepale. Ningeweza kumtajia mistari ya Maandiko, nayo aliijua kama ninavyoijua mimi, kwa maana ndimi niliyemfundisha. Nikamwambia: "Baba, nipe siku chache." Mazungumzo ya leo yametokana na siku hizo chache. Sitahubiri, kwa kuwa wenye kazi hiyo wapo. Nataka tuitazame historia ya upande wetu huu tuone watu walioitunza imani yao walipopatwa na dhiki waliitunza vipi, na wapi tulishindwa.

Tuanze mbali kidogo. Wamisionari wa Chama cha London walifika Ujiji mwaka 1878, na wale tuwaitao Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879. Ujiji ya wakati ule ilikuwa mji wa biashara, na miongoni mwa bidhaa zake walikuwamo binadamu. Padri au mchungaji aliyefika pale baada ya miezi ya kutembea kutoka pwani alikuwa mtu mchovu mwenye homa. Mchungaji Thomson wa Chama cha London alifariki mwaka uleule wa 1878, wiki chache tu baada ya kufika. Tukihesabu makaburi peke yake, tungesema kazi ile haikuwa na matumaini hata kidogo.

Lakini tazama nani aliyeifanya iendelee. Pale Karema, kusini zaidi kwenye mwambao wa ziwa hilohilo, aliishi mtu aliyeitwa Adriano Atiman. Huyu alizaliwa mbali sana, upande wa Timbuktu, huko Afrika Magharibi. Akiwa mtoto aliibwa na kuuzwa utumwani. Mapadri wakamkomboa huko Algeria, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na tabibu. Akakaa. Hakukaa miaka miwili wala kumi. Alikaa mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Mtu aliyeporwa utoto wake, aliyefika nchi hii bila ndugu wa damu, alitibu wagonjwa na kufundisha dini mahali pamoja kwa muda unaozidi umri wa watu wengi wanaonisikiliza sasa. Mapadri walikuja wakaondoka, serikali ya Wajerumani ikaondoka na ya Waingereza ikaingia, naye akaendelea kuwaamsha wagonjwa wake asubuhi.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu tunapozungumza juu ya kutunza imani, wengi hufikiri habari za moyo tu, kama vile imani ni kitu mtu anachokificha ndani ya kifua na kukiombea kisizimike. Mzee Atiman ananionyesha kwamba imani ilitunzwa kwa kazi inayorudiwa. Leo unamfunga mgonjwa kidonda, kesho unamfungua na kumwosha, keshokutwa unamfunga tena.

Twende sasa Buganda. Wengi tunaijua habari ya Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, wakati Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kanisa Katoliki linawaheshimu mashahidi 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao waliouawa katika dhiki hiyohiyo. Hayo huyasikia kila mwaka mwezi Juni. Lakini kuna mmoja ambaye hatumzungumzii vya kutosha, naye ni Yosefu Mukasa Balikuddembe. Huyu alikuwa mkubwa wa watumishi katika jumba la Kabaka. Mwishoni mwa Oktoba 1885, Askofu James Hannington, Mwanglikana, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mukasa, Mkatoliki, alimwendea Kabaka akamlaumu kwa kumwua mtu yule. Msikilizaji, pima jambo hilo. Wakati ule Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walikuwa wakitazamana kama mahasimu. Mukasa angeweza kunyamaza na kusema aliyekufa si wa kwetu. Hakunyamaza, na tarehe 15 Novemba 1885 akauawa, wa kwanza katika wale mashahidi Wakatoliki.

Naomba uliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia. Mukasa hakuuawa kwa sababu ya shida iliyomkuta yeye nyumbani kwake. Aliuawa kwa sababu aliisemea shida ya mwenzake.

Turudi kwetu Buha. Wazee waliotuzaa walipita katika misukosuko mingi. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulizidi katika mapori ya Kibondo na sehemu nyingine za Buha. Serikali ya Waingereza ikawahamisha watu kutoka walikozaliwa na kuwakusanya katika makazi mapya ili wawe mbali na mbung'o. Wakati huohuo, kodi ilitakiwa ilipwe kwa fedha, na fedha hapa Buha haikuwapo. Vijana wakaenda umanamba. Walitembea, wakapanda treni, wakaenda kukata mkonge Tanga, wengine wakarudi baada ya miaka, wengine hawakurudi kabisa. Kijiji kilibaki na wanawake, watoto na wazee.

Nani aliongoza sala katika vijiji vile? Padri alikuwa Kabanga au mahali pengine mbali, na aliweza kupita mara moja kwa miezi kadhaa. Kwa ndugu zetu Waanglikana hali ilikuwa vivyo hivyo, kabla na baada ya kuanzishwa Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966, yenye makao yake Kasulu, ambako Musa Kahurananga alikuwa askofu wa kwanza. Siku nyingi za mwaka Kanisa lilikuwa mwalimu wa dini mwenye kitabu kimoja, na akina mama waliokuja na watoto mgongoni. Bibi yangu hakujua kusoma. Alizijua sala zote kwa kichwa, na alitufundisha usiku tukimenya maharagwe. Akiona tunasinzia, alituongezea maharagwe.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Sitaki leo kuingia katika hesabu ya faida na hasara za vijiji, kwa maana shule na zahanati tulizipata humo. Lakini anayekumbuka atakubali kwamba kuhama kulikuwa kuchungu. Watu waliacha migomba inayozaa na makaburi ya wazazi. Vikanisa vya nyasi na udongo viliachwa vikibomoka. Baba yangu alibeba kengele. Haikuwa kengele ya kweli, ilikuwa kipande cha chuma cha gari kilichokuwa kikining'inizwa mtini. Tulipofika mahali papya, kabla hatujamaliza kuezeka nyumba, alikitundika, na Jumapili ya kwanza akakigonga. Watu wakaja wakakaa chini, juani.

Mwaka huohuo wa 1972, ng'ambo ya mpaka, damu ilimwagika Burundi. Watu wengi mno waliuawa, hasa Wahutu waliosoma, na miongoni mwao alikuwamo padri na mwandishi Michel Kayoya, aliyeuawa Gitega mwezi Mei. Maelfu kwa maelfu walikimbilia kwetu, na baadaye wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na, kuanzia mwaka 1978, Mishamo. Wakapewa jembe na pori. Walifyeka pori hilo mpaka likatoa mahindi ya kuuza, na katikati ya mashamba wakajenga makanisa. Kuanzia mwaka 2010 Watanzania wapya zaidi ya laki moja na nusu walikubaliwa uraia kutoka makazi hayo.

Waliobaki Burundi walikuwa na jaribu jingine. Katika miaka ya 1980, chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, serikali ilikaza kamba shingoni mwa makanisa. Wamisionari wengi walifukuzwa, ibada za siku za kazi zikakatazwa, na jumuiya za sala zilizoongozwa na walei zikapigwa marufuku. Hali hiyo ililegea baada ya Bagaza kupinduliwa Septemba 1987. Hapa ni vizuri tujiulize: kwa nini serikali yenye jeshi iogope watu kumi wanaokutana nyumbani kwa mtu kusali? Jibu langu ni kwamba ilijua imani inakaa wapi. Jengo linaweza kufungwa kwa kufuli moja, lakini watu kumi wanaojuana kwa majina, wanaojua nani amelala njaa na nani amefiwa, hawafungiki kwa urahisi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati waliliona jambo hilo walipoamua, mwaka 1976, kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa kazi yao.

Sasa, ndugu msikilizaji, nitakuwa si mkweli nikisimulia mazuri tu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na njia zetu zikajaa tena watu wenye magodoro kichwani. Miezi sita baadaye ikaja Rwanda. Katikati ya Aprili 1994, katika kanisa la Nyarubuye, si mbali na mpaka wa Tanzania, maelfu ya watu waliokimbilia nyumba ya Mungu waliuawa humohumo. Na waliowaua wengi wao walikuwa wamebatizwa. Mwisho wa mwezi ule, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na katika kambi ya Benaco aliyekimbia kwa kuogopa na aliyekimbia akiwa na damu mikononi walilala chini ya maturubai ya aina moja.

Nchi zile zilikuwa za Wakristo kwa kuhesabu vyeti vya ubatizo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kutunza imani ni kuendelea kuhudhuria kanisani tu. Wapo waliohudhuria Jumapili na Jumatatu wakachukua panga. Mtu anaweza kubaki na sala zote kichwani, rozari shingoni, na imani imekwisha kumtoka zamani. Swali la kijana wetu, "Niendelee kusali kwa sababu gani?", lina mwenzake aliye mkali zaidi: "Nikisali, sala hiyo itanizuia nisifanye nini?"

Swali hilo walilijibu vijana wa Buta. Buta ni seminari ndogo kusini mwa Burundi, katika jimbo la Bururi. Ilikuwa na wanafunzi Wahutu na Watutsi, wakilala bweni moja na kula meza moja wakati nchi yote imegawanyika. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Wale vijana walikataa kujitenga. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, na 40 kati yao wakafa. Wengi walikuwa na umri wa mtoto wa sekondari. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, alinusurika, naye ndiye aliyeandika habari zao.

Nimewafikiria vijana hawa mara nyingi. Hawakuombwa wamkane Kristo. Hakuna aliyewaambia wakanyage msalaba. Waliambiwa jambo dogo tu: sogea upande. Mhutu angesogea hatua tatu, angekuwa salama. Na Mtume Petro naye, pale penye moto, hakuulizwa habari za Mungu. Aliulizwa habari za mtu mmoja, kama anamjua. Kumbe mara nyingi jaribu la imani huja kwa mlango huo, kwa swali kuhusu jirani yako.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza. Mwaka huohuo wa 1997, kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama wa mpaka, Warundi waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma, nje ya kambi, walikusanywa na kupelekwa kambini. Wengine walikuwa wamefika majuzi. Wengine walikuwa wameishi nasi miaka ishirini na zaidi, wameoa kwetu, wanazungumza Kiha ambacho mgeni asingeweza kukitofautisha na Kirundi chao. Mmoja wao alikuwa jirani yangu. Alikuwa fundi wa kuezeka, na sauti ya nne katika kwaya ya kigango chetu. Kanisa letu lenyewe aliliezeka yeye, na hakutaka malipo.

Siku ile walikuja watu wenye orodha. Wakatusimamisha barabarani, wakauliza mmoja mmoja. Walipomfikia yeye, mkewe, ambaye ni binti wa hapahapa, alisema: "Huyu ni mume wangu, ni mtu wa kijiji hiki, waulizeni wazee." Mwenye orodha akatugeukia. Nilikuwa wa kwanza mbele. Mimi, katekista, mwalimu, mtu ambaye neno lake lilisikilizwa.

Nilitazama chini.

Huenda neno langu lisingebadilisha kitu. Orodha ilikuwa orodha, na siwezi kudai kwamba ningemwokoa. Nimejitetea kwa hoja hiyo kwa miaka mingi, nayo hainitoshi, kwa sababu sikuulizwa kama naweza kumwokoa. Niliulizwa kama namjua. Akapandishwa gari akiwa na nguo alizovaa. Baadaye alirudi kwao Burundi. Zilikuja barua mbili, kisha kimya.

Na yule mama je? Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na mtoto mchanga mgongoni. Akakaa benchi lake lilelile. Mimi nilikuwa mbele naongoza ibada, maana padri hakuwapo, na nilisoma Injili chini ya bati alilolipigilia mumewe, huku nikiogopa kuinua macho. Kwa miaka aliyokuwa kambini mumewe, mama huyu alikuwa akitwanga muhogo, anafunga unga na dagaa kidogo, anakwenda kumwona kila alipoweza kupata ruhusa na nafasi. Watu wazima tulimwonea haya. Kwa kuwa tulimwonea haya, tukawa hatumsalimii vizuri. Na kwa kuwa hatumsalimii vizuri, akabaki peke yake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hicho, hakuwa na rafiki katika kigango kizima. Hata hivyo alikuja. Alifagia kanisa zamu yake ilipofika. Jirani alipojifungua alimpelekea maji, na jirani huyo ni mmoja wa wale waliotazama chini pamoja nami.

Ilinichukua miaka kupata ujasiri. Katika Kwaresima moja, tukiwa katika jumuiya nyumbani kwa mzee mmoja, nilisimama nikamwomba msamaha mbele ya watu. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilikuwa nakuja kwa Mungu, sikuwa nakuja kwenu. Lakini njia ya kwenda kwa Mungu ilipita katikati ya mabenchi yenu, na ilikuwa nyembamba." Hakusema zaidi. Baada ya sala alinimiminia uji kikombeni kama alivyowamiminia wengine.

Huyo, ndugu zangu, ndiye mama tuliyemzika hivi karibuni. Na yule kijana aliyeniuliza swali chini ya mwembe ndiye mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile.

Basi historia hii inatufundisha nini? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza, imani katika dhiki haikutunzwa na watu wenye mioyo isiyotikisika. Ilitunzwa na watu waliokuwa na desturi. Kengele ya chuma kibovu, sala za usiku na maharagwe, zamu ya kufagia, vidonda vya kufungwa pale Karema. Siku ambayo moyo hauna kitu, desturi hukushika mkono mpaka moyo urudi. Kwa hiyo, anayepita katika kipindi kigumu asijidai kwamba ana nguvu asizokuwa nazo. Afanye jambo moja dogo la kesho, na keshokutwa alirudie.

La pili, haikutunzwa na mtu mmoja mmoja peke yake. Mwaka 2015, watu wa Burundi walipokimbia tena na maelfu kwa maelfu wakarundikana kwenye ufuko mdogo wa Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawapakia kuwaleta Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo, ilijaa mpaka ikapita watu laki moja na nusu. Waliokuwa na makanisa ya udongo mle kambini, Wakongo waliokwisha kaa karibu miaka ishirini, waliona wageni wakilala humo katika siku za kwanza. Mwenye kuchoka alimpokea aliyechoka zaidi. Upweke ndio unaoua imani, mara nyingi kuliko mateso yenyewe.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma, dhiki ya mwenzako ni mtihani wako wewe. Sisi tuliosimama barabarani mwaka 1997 tulidhani anayejaribiwa ni yule fundi na mkewe. La hasha. Wao walikuwa wanateseka. Waliokuwa wanajaribiwa ni sisi. Mukasa alilijua hilo mwaka 1885. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alilijua alipopeleka barua ya maaskofu ya kulalamikia mauaji ya raia, akauawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977. Vijana wa Buta walilijua bwenini, kabla jua halijachomoza. Kila kijiji kina mtu wake ambaye leo anatajwa kwenye orodha fulani: mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake, mgonjwa anayenong'onwa, bibi kizee mwenye macho mekundu anayeitwa mchawi. Tutaulizwa: mnamjua?

Sasa nimjibu kijana wetu. Kabla ya kuja kusema haya hapa, nilikwenda nyumbani kwake, maana haifai mtu asikie habari za baba yake redioni. Nilimweleza yote, pamoja na lile la kutazama chini. Nikamwambia hivi: "Umeniuliza mama yako alipata nini. Sijui alipata nini kwa Mungu, hayo ni yao wawili. Najua sisi tulipata nini kwake. Tulikuwa kigango kilichomkana jirani yake, na kama angeacha kuja, tungejisahaulisha na kuendelea kuimba. Yeye alikuja kila Jumapili akakaa pale, na kwa kukaa pale alitunyima kusahau. Alitutunzia imani tuliyokuwa tumeidondosha barabarani. Ndiyo maana nakuomba uendelee kusali. Lakini ukishindwa kwa sasa, usisali. Sisi tutakusalia, kwa maana deni hilo ni letu."

Hakunijibu. Alichukua tochi akanisindikiza hadi barabarani, kwa sababu giza lilikuwa limeingia. Sijui kama atakuja Jumapili. Hilo si la kulazimishwa. Ninachojua ni kwamba nitagonga chuma saa moja na nusu kama kawaida, na benchi la mama yake tumekubaliana lisikaliwe na mtu mpaka siku arobaini zitimie, isipokuwa aje yeye.

Kwa leo naomba niishie hapa. Nawatakia wiki njema, na ninyi mlio katika dhiki, Mungu awapatie jirani mwenye kuinua macho.